Vipimo vya maana ya maisha kwa anayeacha pombe: PIL, MLQ na kile kifupi cha maswali manne

Wiki ya kwanza ya kuacha pombe ni ya mwili: mikono inatetemeka, jasho linatoka bila kazi, usingizi unakatika. Ikifika wiki ya sita mwili umeshatulia na tatizo limehama. Saa kumi na mbili jioni inaingia na hakuna cha kuijaza. Pombe ilikuwa inampangia mtu siku nzima: pesa ya kusaka, watu wa kukaa nao, chupa ya kuficha, cha kusubiri asubuhi na cha kujutia usiku. Ikiondoka, saa tano au sita za kila siku zinabaki tupu, na ndani ya utupu huo swali la "naishi kwa ajili ya nini" linarudi likiwa na nguvu kuliko kabla ya ulevi kuanza. Wengi wanaorudia pombe baada ya miezi miwili au mitatu hawasukumwi na mwili. Wanarudi kwa sababu hawajapata kitu kingine kinachostahili kuamkiwa.

Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyeishi 1905 hadi 1997, aliuona utupu huo kama chanzo kimojawapo cha ulevi wenyewe, na akajenga tiba nzima, logotherapia, juu ya wazo kwamba binadamu anahitaji maana kama anavyohitaji chakula. Mwaka 1964 Wamarekani wawili, mwanasaikolojia James Crumbaugh na daktari wa akili Leonard Maholick, wakatengeneza dodoso la kulipima wazo hilo kwa namba. Ndilo PIL, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Purpose in Life Test. Watu wenye uraibu wa pombe walikuwa miongoni mwa makundi ya mwanzo kabisa kupimwa nalo, na hadi leo mnasihi au kiongozi wa kikundi cha kusaidiana anayetaka kujua kama mtu anasonga mbele au ameacha tu kunywa, hulikuta kwanza kabla ya vingine. Tathmini hii inaliweka kando ya MLQ (Meaning in Life Questionnaire, dodoso la maana ya maisha) ya mwaka 2006 na toleo fupi la PIL la mwaka 2011, kwa kigezo kimoja tu: linafaa nini mbele ya mtu aliyeacha pombe, hasa anayejibu kwa Kiswahili.

PIL ina sehemu tatu. Sehemu A ni maswali 20, kila moja likiwa na ncha mbili zinazopingana na namba 1 hadi 7 kati yake. Ncha moja inasema, kwa mfano, kwamba siku zote zinafanana, nyingine kwamba kila siku ni mpya, na mtu anazungushia namba inayomkaribia. Jumla ya chini ni 20, ya juu 140. Kwa mwongozo wa waliolitunga, alama 113 na kuendelea zinaonyesha mtu mwenye kusudi lililo wazi, 92 hadi 112 ni eneo la kati lisilo na jibu, na 91 kushuka ni dalili ya ukosefu wa maana. Sehemu B ni sentensi 13 za kumalizia. Sehemu C ni aya moja ambayo mtu anaandika mwenyewe kuhusu malengo yake na amefika wapi kuyatimiza. Anayejua kusoma vizuri humaliza sehemu A kwa dakika 10 hadi 15. Sehemu B na C hazina alama za kujumlisha, na kwa sababu hiyo wengi huzitupa. Hilo ni kosa kubwa, na tutalirudia chini.

Katika maswali hayo 20 ncha nzuri haikai upande mmoja. Mara iko kushoto, mara kulia, lakini namba 7 daima inakwenda na ncha nzuri, kwa hiyo kujumlisha ni rahisi, hakuna kugeuza chochote. Hatari iko kwa anayejibu. Mtu aliyechoka anashuka na kalamu upande uleule wa karatasi kutoka la kwanza hadi la mwisho. Ukiona duara zote zimejipanga kama safu ya askari, usijumlishe. Mrudishie karatasi siku nyingine na umsomee kwa sauti, swali baada ya swali.

Sasa kwa anayeacha pombe. Maswali manne ya PIL yanahitaji uangalifu ambao karatasi yenyewe haikuelezi.

La 13 linauliza kama mtu ni mwajibikaji au si mwajibikaji hata kidogo. Mtu aliyepoteza kazi, akauza vitu vya nyumbani na kuwakosea watoto wake, akiwa na wiki tatu tu bila kunywa, atazungushia 1 bila kufikiri. Hapo hupimi maana ya maisha, unapima aibu. La 7 linahusu kustaafu, na kwa asiye na kazi wala hakuwahi kuwa na ajira ya kustaafia halina mahali pa kushika. Wengi huweka 4 ya katikati ili kupita.

La 18 ndilo linaloleta mgongano wa kweli. Linauliza kama maisha ya mtu yako mikononi mwake na anayatawala, au yako nje ya mikono yake. Mtu anayehudhuria vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanza Akron, Ohio, mwaka 1935, anafundishwa katika hatua ya kwanza kati ya 12 za mpango wao akiri kwamba hana uwezo juu ya pombe, na katika ya tatu akabidhi maisha yake kwa Mungu kama anavyomwelewa. Akijibu kwa uaminifu anapoteza alama, ilhali kukiri huko ndiko kulikomsaidia. Ukimpima mtu wa hatua 12 na jumla yake ikashuka kidogo mwezi wa pili, tazama la 18 na la 14, linalohusu uhuru wa kuchagua, kabla ya kuanza kuhangaika.

La 16 linauliza kuhusu mawazo ya kujiua. Hili si swali la kukusanywa na karatasi nyingine na kusomwa jioni. Uraibu wa pombe na hatari ya kujiua hutembea pamoja, na miezi ya mwanzo ya kuacha haiko salama kuliko ile ya kunywa. Anayetoa PIL lazima aangalie jibu la 16 kabla mtu hajatoka mlangoni, na awe anajua tayari atampeleka kwa nani. Kama huna wa kumpeleka, usitoe PIL nzima. Tumia toleo fupi.

Toleo hilo fupi lilichapishwa mwaka 2011 na lina maswali manne tu ya sehemu A: la 3, la 4, la 8 na la 20. Yanagusa kuwa na malengo, kuona maisha yako yana kusudi, umefika wapi kuyatimiza malengo, na kama umegundua jambo la kuishi kwa ajili yake. Alama ni kuanzia 4 hadi 28, na mtu anamaliza kwa dakika mbili. Tazama yaliyoachwa: la 7, la 13, la 14, la 16 na la 18, yaani yote yenye shida tuliyoieleza. Kwa kazi ya kikundi cha wanaoacha pombe hiki ndicho tunachokipa nafasi ya kwanza kati ya vipimo vya jamaa ya PIL. Udhaifu wake ni kwamba swali moja likieleweka vibaya, robo ya kipimo imeharibika.

MLQ ilitoka mwaka 2006 mikononi mwa Michael Steger na wenzake. Ina sentensi 10, kila moja ikijibiwa 1 (si kweli kabisa) hadi 7 (kweli kabisa), na inatoa alama mbili tofauti. Sentensi ya 1, 4, 5, 6 na 9 zinapima kama maana ipo. Ya 2, 3, 7, 8 na 10 zinapima kama mtu anaitafuta. Kila upande unaanzia 5 hadi 35. Kosa linalofanyika kila mara ni la sentensi ya 9, inayosema maisha hayana kusudi lililo wazi: hii inageuzwa, toa jibu kutoka 8. Aliyejibu 6 anapata 2. Usipoigeuza, mtu anaweza kuongezewa alama hadi sita za bure kwa kusema maisha yake hayana kusudi. PIL inalindwa na haki miliki na haifai kunakiliwa ovyo. MLQ inaruhusiwa bila malipo kwa utafiti, mafunzo na tiba.

Kutenganisha "ninayo" na "naitafuta" ndiko kunakoifanya MLQ ipite PIL kwa mtu aliyeacha pombe. PIL inakupa namba moja, na namba ndogo inasomeka kama upungufu tu. MLQ inakuonyesha watu wawili wenye upungufu uleule: mmoja ana 11 ya kuwa nayo na 31 ya kutafuta, mwingine 11 na 9. Wa kwanza anahangaika, halali vizuri, anauliza maswali mengi, na ndiye mwenye mlango wazi. Wa pili amekaa kimya, hasumbui mtu, familia inasema ametulia. Huyu wa pili ndiye wa kutembelewa kwanza. Kuna na aina ya tatu, ambaye alama za kuwa nayo ziko juu sana mwezi wa kwanza, 33 au 34, na za kutafuta ziko chini. Hiyo ni furaha ya mwanzo ya kuacha, na huwa haidumu. Mpime tena mwezi wa tatu kabla ya kumpa kazi ya kuongoza wengine.

(Crumbaugh mwenyewe aliliona pengo hilo na mwaka 1977 akatoa dodoso la pili la maswali 20, SONG, la kupima hamu ya kutafuta. Kwa mtu anayetoka kwenye ulevi, maswali 40 kwa kikao kimoja ni mengi mno.)

Wakati wa kupima una uzito kuliko uchaguzi wa kipimo. Kwa mnywaji mzito, mtetemo huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, degedege linaweza kumpata ndani ya saa 48 za mwanzo, na weweseko kali lenye kuona vitu visivyokuwepo huja kati ya saa 48 na 96. Hali hiyo inaua, na inatibiwa na madaktari kwa dawa, pamoja na vitamini B1 ili kulinda ubongo. Aliyekuwa akinywa kila siku kwa wingi asiache ghafla peke yake chumbani eti kwa sababu amepata kusudi jipya. Dodoso lililojazwa katika siku hizo halina thamani yoyote.

Hata baada ya hapo subiri. Pombe yenyewe inashusha moyo, na huzuni iliyoletwa na pombe kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne za kutokunywa. PIL ina kasoro inayojulikana: maswali yake kadhaa, kama la uchangamfu na la kujiua, yanapima huzuni na maana kwa pamoja bila kuzitenganisha. Ukimpima mtu siku ya 5 ukapata 70, na siku ya 35 ukapata 98, huenda hujapima maana hata kidogo, umepima ubongo unaopona. Utaratibu unaofaa ni huu: kipimo cha kwanza wiki ya nne tangu kinywaji cha mwisho, cha pili mwezi wa tatu, cha tatu mwezi wa sita, kipimo kilekile kila mara, saa ileile ya siku. Kama wiki ya nne moyo bado uko chini kabisa, usingizi haupo na chakula hakipiti, mpeleke kwa daktari apimwe ugonjwa wa sonona. Maana ya maisha haitibu sonona, wala haichukui nafasi ya dawa za kupunguza hamu ya pombe kama naltrexone na acamprosate.

Tuje kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo vipimo hivi vinapoharibika zaidi, hata mikononi mwa watu makini. Ukimtafsiria mtu palepale, neno la kwanza litakalokuja ni "maana". Lakini kwetu "hana maana" ni tusi. Mtu aliyekuwa mlevi ameitwa hivyo na mkewe, na mama yake, na jirani. Ukimwekea sentensi isemayo maisha yangu hayana maana, hasikii swali la falsafa, anasikia hukumu aliyoizoea, naye ama anakubali kwa uchungu ama anakataa kwa hasira. "Kusudi" nalo lina pacha wake "makusudi", na kuna watakaosikia jambo lililofanywa kwa kukusudia. "Lengo" linaeleweka na kila mtu, ila linapunguza jambo liwe kujenga nyumba au kununua pikipiki. Kinachofanya kazi vizuri ni maneno marefu kidogo: "najua kwa nini naishi", "nina jambo la kuishi kwa ajili yake", "kuna kitu kinachonifanya niamke". Andika hivyo.

Upande wa kutafuta una mtego mkubwa zaidi. "Natafuta maisha" kwa Kiswahili ni kuhangaikia riziki. Mtu asiye na kazi akisomewa kwamba anatafuta maana ya maisha yake, anazungushia 7 katika zote tano akiwa na kibarua kichwani. Unapata 35 ya kutafuta ambayo haihusu swali lako. Tumia "najiuliza" badala ya "natafuta", kisha muombe aeleze alichoelewa katika sentensi mbili za kwanza kabla ya kuendelea. Na swali la kwanza la PIL, lile la uchangamfu, usiweke "nimechoka" kwenye ncha mbaya. Asiyelala vizuri amechoka kweli, mwili wake umechoka. Sema "sina hamu na kitu".

Ngazi saba pia ni nyingi kwa wengi. Tuna "kabisa", "sana", "kiasi", "kidogo", na baada ya hapo tofauti zinaanza kufifia. Chora ngazi ya vidato saba kwenye karatasi, kidato cha chini "hata kidogo", cha juu "kabisa", na umwombe aweke kidole anaposimama. Majibu yanatulia mara moja. Usipunguze vidato viwe vitano, maana hapo alama zako hazilingani tena na mwongozo wowote. Na kwa kuwa umebadili lugha, ile mipaka ya 91 na 113 usiitumie kumweka mtu kwenye kundi. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita.

Je, namba hizi zina uhusiano wowote na kunywa? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia wagonjwa 123 wa nje kwa miezi sita, ulikuta kwamba walioongezeka katika kusudi la maisha na katika hali ya kiroho ya kila siku walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutorudia ulevi mzito. Hilo linatosha kukifanya kipimo kistahili dakika zake. Halithibitishi kwamba ukipandisha namba, pombe inashuka yenyewe.

Kinachofanywa baada ya kujumlisha ndicho kinachotofautisha kikao chenye faida na kikao cha makaratasi. Usianze na jumla. Mtu akiambiwa "umepata 79" atauliza mpaka wa kufaulu ni ngapi. Anza na swali alilojipa alama ya juu kuliko mengine, hata kama ni 4, na umuulize nini kimelizuia lisiwe 3. Jibu lake huwa ni mtu au kazi: mtoto anayemsubiri, mashine anayojua kuitengeneza, mgonjwa anayemuuguza. Frankl alitaja njia tatu za kuifikia maana: kile mtu anachokitoa kwa dunia, kile anachokipokea kwa kupenda na kuona uzuri, na msimamo anaouchukua mbele ya mateso yasiyoepukika. Mtu aliyeacha pombe mara nyingi amefungiwa ya kwanza, kwa kuwa hakuna anayemwamini na kazi, na ya pili inachelewa, kwa kuwa raha ndogondogo bado hazina ladha. Ya tatu iko wazi tangu siku ya kwanza. Msimamo wake kuhusu yaliyompata, na kuyafanya yamfae mwenzake aliyeingia kikundini jana, hauhitaji pesa wala ruhusa ya mtu. Ndiyo sababu hatua ya 12, ya kuwapelekea wengine ujumbe, ina nguvu ambayo wasioamini sehemu nyingine za mpango ule nao wanaitambua.

Kisha geuza jibu liwe saa. Kama alichokitaja ni mtoto, ni saa ngapi, siku zipi, kufanya nini? Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, kusimamia masomo yake. Panga kwanza ile saa aliyokuwa akianza kunywa. Lengo lisilo na saa ya jioni halishindani na chupa.

Na ile sehemu C, aya ambayo haina alama, ihifadhi kwa mwandiko wake. Akiteleza akanywa, usimpe dodoso wiki hiyo, namba zitakuwa za aibu tupu. Subiri mwili utulie, mtolee karatasi yake ya zamani, na umwache aisome mwenyewe.